Chupa ya Rangi ya Celina

Jumanne saa tatu asubuhi, katika maabara iliyo ghorofa ya tatu pale Mchafukoge, Pius alipanga chupa sita mezani. Katika kila moja aliweka mkorogo, ule wa kung'arisha ngozi, kiasi cha punje ya haragwe. Akamimina asidi, kisha akadondosha pamanganeti, tone kwa tone. Pamanganeti ni zambarau kali, na kazi yake ni kula. Hula mafuta, hula manukato, hula kila kilicho laini, mpaka ibaki zebaki peke yake, sumu iliyofichwa ndani ya mkorogo, ipate kupimwa. Zambarau ikidumu robo saa, ujue imeshiba.

Tangu Kwaresima haikuwa ikidumu. Iligeuka kahawia, na kila chupa ilikuwa na kahawia yake. Ilikuwa rangi ya ngozi ya mwanamke mwenye kopo la mkorogo huo, ile aliyozaliwa nayo. Hajira wa mapokezi aliiandika kwenye safu ya "mengineyo", maana fomu haikuwa na safu nyingine.

Wanawake waliokuwa wameleta makopo yao yapimwe walirudi kuchukua rangi zao. Walipanga foleni kwenye ngazi.

"Hiyo nyeusi ni yangu," alisema mmoja.

"Yako wapi, shoga? Wewe hata kabla ya mkorogo ulikuwa maji ya kunde. Acha tamaa!"

Walicheka, wakatia sahihi, wakaondoka na chupa wamezifunga kwenye kanga. Rangi haikurudi mwilini. Waliiweka kabatini tu, wapate kuitazama.

Pius naye alikuwa na kopo nyumbani, la mkewe Celina, aliyefariki Januari kwa figo. Ndani yake palikuwa na mfereji mdogo, mahali kidole cha Celina kilipochota mara ya mwisho. Pius alilifungua kila jioni, akatazama mfereji ule, akafunga. Alijua vizuri kwamba upimaji wa namna hii hauachi kitu. Ukitaka kujua kilichomo, lazima ukile chote.

Asingeligusa, isipokuwa kwa ajili ya mama mkwe.

Bi Candida alikuja kutoka Masasi siku ya mazishi. Jeneza lilipofunguliwa alitazama uso uliolala mle, mweupe wenye mabaka, akasema, "Huyu siye. Wangu ni mweusi ti." Hakulia. Watu walizika, yeye akabaki Dar kumngoja binti yake. Miezi mitatu sasa alikuwa akimpakulia Celina chakula kila magharibi, akakifunika, asubuhi akakitupa. Pius alikuwa anaona mke wake amezikwa bila chozi la mama, na jambo hilo lilimla kuliko kifo chenyewe.

Siku hiyo, chupa sita zilipokwisha, alichukua ya saba. Alikomba kopo la mkewe lote, mfereji na pembeni, akadondosha pamanganeti. Zambarau ilikaa kidogo, ikatetemeka, ikashuka ikawa kahawia, ikazidi kukolea mpaka ikawa nyeusi yenye wekundu kwa ndani, kama kahawa iliyoinuliwa juani. Pius aliijua. Aliifunga kwa kizibo, akamtuma Hajira amlete Bi Candida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeacha mboga jikoni, Celina akirudi atakuta nini?"

Pius alimpa chupa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaiweka kando ya kifundo cha mkono wake. Haikupungua, haikuzidi.

"Ndiye," akasema. Akakaa sakafuni. "Kumbe tulimzika."

Alipiga yowe lililokuwa likimngoja tangu Januari. Hajira alitandika mkeka, akavua viatu. Wanawake wa kwenye foleni waliingia mmoja mmoja, wakaketi, wakaweka chupa zao mapajani, wakalia pamoja naye. Pius aliinama apate kukaa.

"Ngoja," alisema Bi Candida. "Nani alimwambia rangi hii haitoshi?"

Pius angeweza kutaja wauzaji. Lakini alikumbuka harusi ya shemeji yake, picha ikipigwa, na sauti yake mwenyewe: "Celina, hebu cheka tukuone." Ukumbi wote ulicheka. Celina alicheka kuliko wote. Wiki iliyofuata Pius alimletea kopo la kwanza, limefungwa kwa utepe. Enzi hizo alikuwa anapima maji ya visima tu, hajui mkorogo una nini.

"Mimi, mama."

Bi Candida hakumlaani. Alimgeukia Hajira. "Mwanangu, mwambie huyu atoke. Hapa tuna msiba."

Hajira alimwambia, ingawa Pius alikuwa amesikia. Pius alishuka ngazi.

Chini, kijana mmoja alikuwa amepanga makopo ya mkorogo juu ya meza, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Majibu ya maabara yalikuwa yamepelekwa ofisi inayohusika mara nne. Vifuniko tu ndivyo vilivyobadilika, zamani vyekundu, sasa vya kijani.

"Kaka, mchukulie shemeji! Wiki moja tu, mwenyewe utamkimbilia!"

Kilio cha ghorofani kikawafikia. Kijana akainua macho juu.

"Kuna msiba," akasema. Akapunguza redio kwa heshima, akaendelea kuuza.