Magoti ya Silvana

Adela alikuwa na miaka kumi na moja, mzima wa afya, na hakuna kitu kilichomkera kama magoti ya mdogo wake. Silvana, wa miaka tisa, aliumwa viungo tangu akiwa mdogo sana. Kwa sababu ya magoti hayo alilala na mama karibu na moto, na hakutumwa maji. Walipohamia kijiji cha ujamaa upande wa Pito, Adela alitembea njia nzima na mzigo wa ulezi kichwani. Silvana alibebwa na baba.

Siku ya chanjo, nesi Atusaye, mwenyeji wa Mbeya, aliwapanga watoto mstari nje ya shule. Adela alipiga ukelele hata kabla sindano haijamgusa. Silvana akanyoosha mkono. Sindano ikaingia, ikatoka, wala hakupepesa jicho.

"Shujaa wenu ni huyu," nesi akasema. Watoto wakamcheka Adela.

Moyo ukamchoma. Hata ushujaa nao apewe Silvana? Na ni mgonjwa gani asiyesikia maumivu? Kesho yake akamwendea mwalimu Nsajigwa, msimamizi wa shamba la shule.

"Mwalimu, Silvana haumwi. Anadeka tu nyumbani. Hata sindano haikumuuma, si uliona?"

Mwalimu alikuwa ameona. Jumatatu Silvana akapewa jembe, akafukie nyasi kwenye matuta kama wenzake.

Adela alilima kando yake, akingoja alie. Silvana hakulia. Kwanza aliacha kuongea. Baadaye akaacha hata kufukuza nzi waliomtua usoni. Si nilisema, Adela akawaza, anaweza huyu! Lakini kengele ilipogongwa, Silvana hakuinuka. Alikaa juu ya tuta, magoti yamevimba, ukiyagusa yanawaka moto.

"Mbona hukulia?" Adela akauliza.

"Wewe ukilia, mama anakupuliza, mnacheka, yamekwisha," Silvana akasema taratibu. "Mimi nikilia, mama naye analia. Baba anatoka nje. Na magoti yanauma vilevile. Siku ile ya sindano nilikuonea wivu, dada. Ulilia vizuri."

Wivu! Aonewe wivu yeye!

Adela akambeba mgongoni mpaka zahanati. Mama yao, Albina, aliitwa, akafika mbio na udongo wa shamba miguuni. Nesi Atusaye aliyabonyeza yale magoti polepole, akatikisa kichwa.

"Nami nilimsifu bure," akasema. "Sindano kwake ni kitu kidogo, mama. Huyu anaumwa kila siku. Watoto wazima wakiumia wanapiga kelele. Yeye ananyamaza. Usingoje machozi. Akinyamaza tu, jua yamemzidi."

"Nani aliyempeleka shambani?" mama akauliza.

Adela angeweza kukaa kimya. "Ni mimi, mama. Nilimwambia mwalimu kwamba anadeka."

Mama hakumpiga. Alimtazama tu, kisha akamgeukia Silvana, na Adela akatamani angepigwa.

Silvana alilala wiki mbili. Mwalimu Nsajigwa alikuja mwenyewe kumpa pole, akamwondolea jembe. Matuta yake aliyamaliza Adela. Msidhani wivu uliisha. Kila mama alipokaa kumkanda Silvana kwa maji ya moto, Adela aligeuza uso.

Jioni moja dada hao walikuwa wanapukuchua mahindi huku Silvana akisimulia habari za mbuzi wa jirani. Katikati ya hadithi akanyamaza. Mama alikuwa anasonga ugali, hakuona.

"Mama, yameanza," Adela akasema, akamsogezea mdogo wake mkono. Silvana akaukamata, akaubana kwa nguvu zote.

"Uuwi! Unaniumiza!" Adela akapiga kelele.

Silvana, meno yameumana, akacheka kidogo. "Tena, dada," akasema. "Piga tena."

Adela akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia.