Umeme Uliporudi Ihanja

Sendofu ya Aneth, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa kesho yake, na taa ya bwawa ilikuwa imekufa. Baba yake, Laurenti, hakuwa mtu wa kuvumilia aibu, hata ikiwa ndogo. Alikuwa amewakamulia watu wa Ihanja alizeti miaka mingi hadi akajenga nyumba yenye bwawa la kuogelea uani, na wakwe kutoka Kinyangiri walikwisha kuhadithiwa jinsi maji yake yanavyong'aa usiku. Fundi aliyeitwa kutoka mjini hakutokea. Umeme ulipokatika mchana ule, Laurenti akavua shati, akachukua bisibisi na glopu mpya, akaingia majini mwenyewe.

Mkewe, Rahabu, alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo.

"Baba Aneth, umezima mein switchi?"

"Umeme wenyewe haupo. Nizime nini?"

"Na ukirudi je?"

"Huu wa kwetu? Lini umerudi kabla ya jua kuzama?" Akacheka, akaendelea na kazi yake.

Alifungua taa ukutani mwa bwawa, akaivuta hadi kifuani, akaondoa kioo. Glopu ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania mahali pake. Akaibana kwa vidole vya mkono wa kulia ili aizungushe, maji yakimfika mbavuni.

Ndani ya nyumba friji ikanguruma.

Rahabu akainua kichwa. Laurenti hakupiga kelele. Mdomo ulikuwa wazi, shingo imekakamaa, mkono umeganda kwenye ile taa, na maji yaliyomzunguka yalikuwa yakitetemeka pamoja naye. Ungo ukamponyoka. Yowe alilolitoa hakulitambua kuwa ni lake.

Philipo, mdogo wake Laurenti, alikuwa getini akishusha viti vya kukodi. Alikuja mbio, akamwona kaka yake, hakusimama. Alikuwa ameshafika ukingoni Rahabu alipomkumba kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu ya simenti.

"Usiingie! Maji yana umeme!"

"Niachie, shemeji! Kaka anakufa!"

"Ukiingia unakufa naye!"

Rahabu alipokuwa msichana, kwao Mitundu, waya ulianguka kwenye dimbwi baada ya mvua ukamuua mama mmoja aliyekuwa akipita. Mumewe akamkimbilia, akaangukia palepale juu yake. Yote hayo Rahabu hakuwa na nafasi ya kuyasimulia. Kiwiko cha Philipo kilimpiga shavuni, akaonja damu, lakini hakuachia. Mein switchi ilikuwa koridoni. Akiendelea kumshikilia huyu, yule anakwisha. Akimwachia, huyu anaruka.

"Philipo, nisikilize! Naenda kuzima. Ukinisikia nasema tayari, ingia. Kabla ya hapo usiguse maji. Unataka mama yenu azike wawili?"

Kutajwa kwa mama kulimlegeza. Alibaki amepiga magoti, mikono kichwani, akiita jina la kaka yake.

Rahabu akakimbia. Koridoni walikuwa wamepanga viti vya plastiki vya sherehe hadi karibu na dari, na swichi ilikuwa nyuma yake. Alivivuta vikamwangukia, akavikanyaga, akateleza, akanyoosha mkono, akashusha. Friji ikanyamaza.

"Tayari! Ingia!"

Aliporudi, Laurenti alikuwa amezama na Philipo alikuwa akimburuta kutoka chini. Wakamlaza ukingoni. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na kifua hakipandi. Rahabu akaweka viganja katikati ya kifua akaanza kukandamiza kama alivyofundishwa kwenye semina ya zahanati, akimpulizia pumzi mdomoni, akikandamiza tena. Mikono ilimwishia nguvu. Hakuna kilichobadilika.

"Shemeji, mwache. Kaka ameshaenda."

"Hajaenda! Kalete gari!"

"Shemeji..."

"Kalete gari, Philipo!"

Alibaki peke yake na mwili ule. Alimwomba Mungu, kisha akamtukana Laurenti, akamwita mkaidi, akamwomba asimfanyie hivi. Mlio wa pikapu ulikuwa unakaribia getini Laurenti alipotapika maji, akavuta pumzi iliyokwaruza kama mlango mbovu.

Sendofu iliahirishwa. Laurenti alilazwa hospitali mjini Singida, akarudi nyumbani vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki.

Baada ya hapo ndipo alipokuja fundi aitwaye Calist. Alizima mein switchi, akaifunga kwa kufuli, akapima kuhakikisha hakuna umeme. Kisha akalala kifudifudi ukingoni, akafungua taa, akaivuta nje, maana nyuma yake kulikuwa na waya mrefu uliokunjwa. Akabadilisha glopu na mpira wa kuzuia maji akiwa amekaa pakavu. Rahabu alitazama waya ule, akaingia jikoni akalia. Mumewe hakuhitaji kuingia majini kabisa. Kabla ya kuondoka, Calist alifunga kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho nyumba ile haikuwahi kuwa nacho.

Jioni hiyo Laurenti alikaa barazani na mkewe.

"Philipo ameniambia," alisema. "Ulimshika asije."

"Nilimshika."

"Mimi nikiwa ndani ya maji."

"Ukiwa ndani ya maji, ninakuona." Sauti yake ilikatika. "Nilikuacha, Baba Aneth. Nilikutazama nikamshika yeye."

Laurenti akamgeukia. Alama ya kiwiko cha Philipo ilikuwa bado inaonekana shavuni mwa mkewe. Akaigusa kwa ule mkono mbovu, taratibu, naye Rahabu akamwacha auweke hapo.