Bunduki ya Kufika Ng'ambo

1.

— Ya kufika wapi, mzee?

— Mbali.

— Mbali kwa wengine ni hapo kwenye nguzo ya umeme. Nitajie mita.

— Mia saba.

Emiliana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja na mkoba mapajani, akamtazama mumewe. Walikuwa wametoka Mbulu alfajiri, wameingia Arusha vumbi limewaganda kwenye nyusi, na njia nzima Akonaay hakutaja mita hata moja. Angesema "kama mia saba hivi", mkewe asingeshtuka.

Hakusema "hivi".

2. Bwana Ladha, mwenye duka la silaha, anavyowaambia wote wanaokuja na pesa ya kuungaunga

"Anayenunua mara ya kwanza hukosea palepale. Anamwaga pesa yote kwenye bunduki, kisha anaifunga darubini ya kuchezea watoto. Baada ya mwezi anarudi kwangu analalamika kwamba hapati kitu. Kitu usichokiona utakipataje? Sikiliza, mzee. Chukua raifo iliyotumika. Mtutu mzito, ndani usiwe na kutu. Risasi zake ziwe zinapatikana hapa mjini, siyo za kuagiza na kusubiri, maana mazoezi ndiyo yatakayokula pesa yako. Kitako kikukae begani bila kujikunja. Triga iwe laini, isikushtue. Kinachobaki chote weka kwenye darubini. Bunduki utabadilisha baadaye, darubini nzuri utamwachia mjukuu.

"Na kama leo havitoshi vyote viwili, anza na darubini. Haihitaji kibali. Kaa nayo nyumbani, izoee."

Akonaay akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia jambo ambalo tayari alikuwa ameliamua.

3. Tangazo ukutani, nyuma ya kichwa cha Bwana Ladha

KLABU YA KULENGA SHABAHA
Wanachama wapya mnakumbushwa:
(a) Huu ni mchezo.
(b) Shabaha zinazoruhusiwa ni bamba la chuma na karatasi yenye miduara.
(c) Shabaha yenye umbo la binadamu HAIRUHUSIWI, hata kwa utani.
(d) Silaha ya mwanachama inaweza kuhifadhiwa kwenye ghala la klabu kwa ada nafuu.

Emiliana aliyasoma yote. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya wakati darubini inafungwa kwenye boksi.

4.

Wewe unayesoma, usimhukumu Akonaay mapema. Mkewe mwenyewe alikuwa bado hajamhukumu.

Kuna Akonaay wa siku ile ya kwanza klabuni, kabla ya safari ya dukani. Lohay, rafiki yake tangu walipokuwa vijana wa jeshi la kujenga taifa, alimpeleka akamwazima raifo yake. Akonaay akalala kifudifudi kwenye turubai, akavuta pumzi, akaiachia nusu, akabonyeza. Kimya. Halafu kule mbali kabisa, bamba la chuma likalia.

Alirudi nyumbani akicheka. Alimwonyesha Emiliana jinsi ya kulala, jinsi ya kupumua, akiwa sakafuni na fimbo ya kuchungia. Emiliana naye akacheka. Alikuwa hajamsikia mumewe akicheka tangu baraza la ardhi limpe Hhando, jirani yao wa ng'ambo, bonde.

5. Bonde

Liko ng'ambo ya korongo, mkabala na baraza ya nyumba yao. Babu wa huku alimwazima babu wa kule, au kinyume chake. Kila upande ulileta wazee wa kuapa. Baraza likasema ni la Hhando.

Msimu uliofuata Hhando akaingiza trekta.

Mama yake Akonaay amezikwa kule, chini ya rundo la mawe. Trekta ilipita juu yake.

Hhando alikuja mwenyewe kuomba radhi. Alisema dereva alikuwa mgeni, hakuambiwa. Alivua kofia. Akonaay alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hadi mwisho, halafu akasema:

— Asante kwa kuja.

Basi. Hakufoka. Hakulia. Emiliana angeshukuru kama angerusha hata stuli.

6.

Vitunguu swaumu vya mwaka ule vilitosha darubini, havikutosha bunduki. Kwa hiyo darubini ilitangulia kufika nyumbani. Akonaay akaifunga kwenye kipande cha ubao, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, na kila jioni akawa anakaa pale na jicho moja limefumbwa.

"Leo wanakula mlenda."

"Hhando amenyoa."

"Yule mtoto wao mdogo ana kikohozi. Anashika kifua."

"Amekosana na mkewe, nadhani. Kila mtu amekaa upande wake."

"Jua likishuka huwa anakaa kwenye kigogo pale mlangoni. Anakaa vizuri. Hasogei kabisa."

Emiliana alikuwa anachambua mboga. Kisu kikasimama.

— Baba Yusta, kwa nini usiangalie upande mwingine?

— Upande mwingine hakuna umbali.

7.

Siku moja Akonaay alipokwenda kumwagilia, Emiliana akakaa kwenye kiti chake.

Mwanzoni giza. Akasogeza kichwa. Giza. Akasogeza tena, na ghafla Blandina, mke wa Hhando, akawa mbele yake, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana kanisani. Alikuwa anapepeta mahindi. Kulikuwa na pumba kwenye kope zake. Emiliana alikaribia kumsalimia.

Mistari miwili myembamba ya darubini ilikuwa imekutana kwenye kitambaa cha kichwa cha Blandina, juu kidogo ya sikio.

Emiliana akajitoa. Kwa macho matupu, ng'ambo, mita zile mia saba, kulikuwa na nukta tu.

Nukta.

Angeondoka pale. Lakini akarudisha jicho akamwangalia Blandina tena, kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: hakuona haya, na ilikuwa rahisi.

8. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga

— Wanasema anajiandaa na mashindano.

— Mashindano na nani?

— Nyamaza, mkewe huyo.

Blandina alikuwa nyuma ya Emiliana na debe. Hakuzungusha maneno.

— Mama Yusta, jioni kuna kitu kinametameta barazani kwenu.

— Ni darubini tu. Hakuna bunduki.

— Bado, akasema Blandina. Hakuna bado. Watoto nimewaambia wachezee nyuma ya nyumba. Baba yao hataki kusikia. Anasema akianza kujificha kwake, ataishia wapi.

Mashine ikawashwa, kelele ikajaa, na Emiliana akaona nafuu.

9. Ofisi ya Mtendaji wa Kata

Kamati itakaa kujadili maombi ya Ndugu Akonaay Margwe ya kumiliki bunduki moja (raifo, iliyotumika) kwa madhumuni ya MICHEZO. Mwenzi wa mwombaji ahudhurie bila kukosa. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi au kwa mdomo.

Asubuhi ile Emiliana alimpigia shati pasi. Akonaay akalivaa likiwa bado na joto.

— Utawaambia nini? akamuuliza mkewe.

— Wakiniuliza nitajibu.

10.

Hhando hakuja na hakuleta pingamizi. Mtendaji, Bi Gaudensia, alisubiri kidogo, akatazama mlango, kisha akamgeukia Emiliana.

— Mama, mumeo ni mtu wa hasira?

— Hapana.

— Amewahi kukupiga?

— Hapana.

— Amewahi kumtishia mtu yeyote, hata kwa maneno?

— Hapana.

Kila jibu lilikuwa la kweli. Na kwa kila jibu Emiliana alijiona anasukuma kitu kizito kwenye mteremko, kwa mkono wake mwenyewe. Bi Gaudensia akachukua muhuri.

— Sijamaliza, akasema Emiliana.

Hakuzoea kusimama mbele za watu. Alishika mgongo wa kiti.

— Mpeni. Anaupenda huo mchezo, na mimi nilimwona alivyorudi siku ya kwanza. Lakini isije nyumbani kwetu. Ikae kwenye ghala la klabu, huko huko Arusha. Akitaka kulenga, apande basi. Na darubini iende nayo.

Mjumbe mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

— Mwombaji, unakubali?

Akonaay aliangalia viganja vyake.

— Andikeni anavyosema.

11. Njiani

Walitembea hadi walipopita shule.

— Ulidhani ningefanya?

— Sijui, Baba Yusta.

Akonaay akapiga jiwe kwa ncha ya kiatu. Likaingia kwenye majani.

— Hata mimi, akasema. Hata mimi sijui.

Emiliana alitaka kumshika mkono. Hakumshika.

Wakafika njia panda. Ya kulia inapanda kwao. Ya kushoto inashuka korongoni, inavuka maji, inatokea uani kwa Hhando. Akonaay akasimama.

Akashika ya kushoto.

— Unakwenda wapi?

— Kwa Hhando.

— Kufanya nini?

— Nitajua nikimwona kwa karibu.

Hakuwa na kitu mikononi. Emiliana alihakikisha: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mifuko ya shati lile alilolipiga pasi. Akakaza kanga kiunoni, akavua viatu ili asiteleze, akamfuata. Alipoongeza mwendo, Akonaay naye aliongeza. Chini korongoni maji yalikuwa yanasikika, na upande wa pili, juu ya ukingo, mtu alikuwa ametokea, amesimama, anawatazama wanavyokuja, na kwa umbali ule hakuonekana kama ni Hhando au ni Blandina.