Gari Alilofunga Zayd

Zayd alikuwa akiuza amortiseri Buyenzi tangu marehemu baba yake alipomwachia duka la vipuri, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufunga hata moja. Aliuza tu. Alivijua vile vyuma virefu vya kubeba gari kwa sanduku, kwa namba, kwa uzito mkononi; mteja akitaja gari lake, Zayd alishanyoosha mkono rafuni kabla ya sentensi kuisha. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hajui kazi, unamtafutia ugomvi.

Na ugomvi ulikuwepo tayari. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka, palikuwa na gereji ya Anouar, na Anouar alikuwa amesema mbele ya wateja kwamba amortiseri za Zayd za siku hizi ni za bandia, zinavuja mafuta kabla mvua hazijaisha. Tangu siku hiyo walisalimiana kwa sababu ya msikiti tu. Basi gari la Zayd mwenyewe, Corolla ya zamani, lilipoanza kudundadunda kama kitanda kibovu, akaingia katika mtihani. Kulipeleka kwa Anouar kungekuwa kumkabidhi adui ushindi: angefungua sanduku la amortiseri za duka mtaa mzima ukitazama, angekigeuza chuma juani, angecheka. Kulipeleka gereji nyingine nako kungezua maneno. Watu wa Buyenzi wangeuliza kwa nini ameiruka gereji iliyo mlangoni pake.

"Nitaifunga mi mwenyewe," alimwambia mkewe.

Sheikha alikuwa akimlisha mtoto uji. Aliacha kijiko hewani. "We unauzishaka tu, Baba Rania. Kufunga ni kazi ya bafundi."

"Hao bafundi banatoa wapi vyuma? Si kwangu? Kile banajua, mi najua."

Sheikha akarudisha kijiko kinywani mwa mtoto. Alimjua mumewe, akishapandwa na kiburi hashukiki kwa maneno.

Asubuhi ya Ijumaa Zayd hakufungua duka. Aliinua gari uani, nyuma ya duka, lango likiwa wazi, kwa jeki, akaegemeza magogo chini yake, akafuata video aliyokuwa akiisimamisha kila mara kwa kidole chenye grisi. Nusura springi imrukie usoni, akaendelea. Kufikia karibu na Adhuhuri amortiseri mpya zilikuwa zimekaa mahali pake, nyeusi, zinang'aa. Alijiona mwanamume.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la muuza duka hasa. Miaka mingi alikuwa amewasikia mafundi wakiongea kwenye kaunta yake: usikaze mpaka gari iko chini. Mafundi walikuwa wakisema habari za mipira ya mikono ya gurudumu, ambayo ukiikaza gari likiwa juu hujikunja na kuchanika. Zayd aliyadaka maneno, lakini hakujua yanahusu bolti zipi. Zile bolti kubwa mbili kila upande, zinazoshika amortiseri na gurudumu visiachane, akazizungusha nati zake kwa vidole tu mpaka zikagoma, akaziacha hivyo. Angezikaza kwa spana gari likiwa chini. Akarudisha magurudumu, akashusha jeki, na adhana ya Ijumaa ikamkuta mikono imejaa mafuta.

"Nikirudi nitamalizia," alijisemea, akaenda kuoga.

Gari likabaki uani limesimama kwa miguu yake minne, na yeyote aliyelitazama angeapa kwamba kazi imekwisha.

Yeye akiwa msikitini na simu ameizima, simu ya Sheikha ililia. Ilitoka Rumonge. Mama yake, Bi Houda, aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi, alikuwa amefariki. Marehemu alikuwa na wasia mmoja, na wanawake wote wa nyumba ile waliujua: asioshwe na mtu mwingine maadamu Sheikha, binti yake wa pekee, yu hai na anaweza kufika. Mazishi yalikuwa baada ya Alasiri, maana maiti ya Mwislamu haiwekwi. Sheikha alimpigia mumewe mara kadhaa bila jibu. Mabasi ya Rumonge, kwa shida hii ya mafuta ya gari, hupati mpaka upige foleni nusu siku. Akatoka mbio hadi kwa jirani yao Aboubacar, dereva aliyekuwa amekaa bure kwa kukosa mafuta, akarudi naye, akachukua ukutani ufunguo wa Corolla, iliyokuwa bado na mafuta tangini, akambeba Rania, wakaondoka. Nani angemlaumu?

Zayd alitoka msikitini, akawasha simu, akasikiliza sauti ya mkewe ikilia na kueleza. *Tumebeba ile gari, Baba Rania. Utatukuta kule.*

Akazikumbuka zile nati. Watu walishaanza kumzunguka, maana habari za msiba Buyenzi zina mbawa, na wa kwanza kumshika mkono alikuwa Anouar.

"Inna lillahi, ndugu yangu. Mama muzuri sana yule." Kisha, kwa sauti ya chini: "Bameenda na nini? Na ile gari ulikuwa unafunga?"

Zayd alikuwa ameshabonyeza namba. Sheikha akapokea mara moja.

"Tuko Kanyosha," alisema. "Aboubacar anaendesha muzuri. Mutoto amelala."

Kanyosha! Hapo tu, mlangoni mwa mji. Maneno mawili yangetosha: simameni, sikukaza. Angeyasema, Anouar angefika na spana, angekaza, na Sheikha angemwahi mama yake bila taabu. Lakini Anouar alikuwa amesimama hapo hapo, sikio wazi, na nyuma yake nusu ya mtaa. Zayd aliutazama uso ule.

"Mwende polepole," alisema, akakata.

Nasema wazi, nimemchukia mtu huyu kwa maneno hayo. Wala hakuwa mtu mbaya.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Njiani alijipa moyo: vidole vyake vina nguvu, nati ziligoma zenyewe, pengine zitashika mpaka Rumonge. Uani akakuta doa la mafuta pale lilipokuwa gari, na spana kubwa juu ya gogo, safi kabisa, haijagusa kitu. Akaitazama. Akaiona ile barabara kichwani, mashimo yake, na kule mbele inapobanwa kati ya mlima na ziwa, ambako gari likiacha njia halina pa kwenda ila majini. Akampigia Sheikha. Hapatikani. Akampigia Aboubacar. Simu ililia hadi ikachoka.

Ndipo akavuka barabara. Anouar alikuwa mlangoni pa gereji yake iliyofungwa, bado na kanzu.

"Anouar, sikukaza."

"Nini?"

"Bolti za amortiseri na gurudumu. Nilizifunga na vidole. Nilikuwa nangojea gari ishuke."

Zayd alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Anouar hakucheka, na hapo ndipo Zayd alipoogopa sawasawa. Anouar alikunja kanzu kiunoni, akatupa spana na bolti za kuokoteza ndani ya pikapu yake, ile ambayo mtaa huitumia kupeleka jeneza makaburini na ndiyo maana haikosi mafuta, akawasha.

Walipita Musaga. Walipita Kanyosha. Barabara ilikuwa tupu, tupu mno kwa siku ya Ijumaa, na kila palipokuwa na kikundi cha watu ukingoni, Zayd aliinuka kitini kutazama wanachokitazama. Mara ilikuwa ni muuza samaki. Mara ilikuwa ni baiskeli imeanguka na mkaa wake. Alikuwa anapiga simu, anakata, anapiga. Anouar aliendesha macho mbele, midomo ikisoma dua.

Walikuwa wamekwisha kuipita Kabezi simu ilipoingia.

"Baba Rania, kuna kitu inagonga kule mbele," Sheikha alisema. Nyuma ya sauti yake Zayd aliusikia mlio huo, ko, ko, ko, chuma juu ya chuma. "Aboubacar anasema ni mashimo."

"Simameni! Mwambie asikanyage frein kwa nguvu, aache gari isimame yenyewe. Nati hazikukazwa. Ni mi. Ni mi, Mama Rania, sikukaza!"

Alisikia Sheikha akipiga kelele jina la Aboubacar, mtoto akiamka na kulia, kokoto zikisaga chini ya magurudumu kwa muda mrefu. Kisha kilio cha mtoto peke yake.

"Tumesimama," Sheikha alisema.

Waliwakuta karibu na Magara, mahali ambapo ziwa liko chini ya barabara, karibu kiasi cha kutemea mate. Gurudumu la mbele la upande wa maji lilikuwa limelala kwa ndani. Bolti moja ilikuwa imeanguka huko njiani. Nyingine ilishikwa na nyuzi za mwisho za nati yake. Aboubacar alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono kichwani. Anouar alipiga magoti, akatia mkono nyuma ya gurudumu, akautoa.

"Alhamdulillahi," alisema.

Sheikha alikuwa amesimama kando, mtoto begani, simu sikioni. Alikuwa amesimamisha kila kitu kilichopita, akaambiwa: magari mawili tu, yote yamejaa mpaka juu. Sasa alikuwa akisikiliza wanawake wa Rumonge. Zayd alisogea, akasikia sauti ya mtu mzima ikisema kwa upole kwamba wamengoja kadiri walivyoweza, mwanangu, jua linakwenda, wameshaanza kumwosha.

Sheikha akashusha simu. Machozi hayakumtoka. Alimtazama mumewe.

"Ile saa ulitupigia tuko Kanyosha," alisema, "ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Anouar aligeuza uso upande wa ziwa, kama anayempa nafasi.

"Nilikuwa najua," Zayd alisema.

"Balikuwa banangojea mikono yangu," Sheikha alisema.

Akamfunga mtoto mgongoni, akapanda mbele ya pikapu, akafunga mlango. Anouar akakaa kwenye usukani. Zayd na Aboubacar wakapanda nyuma, mahali pa jeneza, mpaka Rumonge.