Viatu Havina Kosa

Kila siku ikifika saa kumi na dakika thelathini na saba jioni, kinyozi anazima mashine na kumwambia mteja atulie. Dakika inayofuata uwanja wa mpira ulio nyuma ya maduka unaanza kuzomea, na mteja mgeni lazima ageuze kichwa. Mwaka juzi mmoja aligeuka mashine ikiwa inatembea, akaondoka na barabara kutoka sikioni mpaka utosini, na hakulipa.

Uwanja wenyewe saa hizo huwa mtupu. Yupo mzee wa nyasi tu, anavuta mpira wake wa maji. Kelele zinatoka chini ya mabati ya jukwaa kubwa, zilikobaki tangu siku ile mchezaji aliyeitwa Treni alipotolewa. Zinachukua dakika mbili na sekunde kumi, kwa sababu huo ndio muda aliotumia Treni kutembea kutoka katikati ya uwanja hadi benchi. Zikiisha, kinyozi anawasha mashine.

Treni alikuwa mchezaji ghali kuliko wote waliowahi kununuliwa na klabu ile. Jina hilo mashabiki walimpa kabla hajafika, kabla hawajamwona hata akivuka barabara. Watu walichanga. Kinyozi alichanga, fundi viatu wa mlango wa pili alichanga, hata mwalimu mkuu alichanga na kuomba asitajwe. Treni akacheza mechi saba bila goli. Ile ya saba akatolewa mapumziko hayajafika, na uwanja mzima ukasimama kumzomea. Wiki iliyofuata aliondoka na begi moja. Kelele hazikuondoka naye.

Mwanzoni klabu ilijaribu kuzitoa. Walimleta mtu mwenye mashine ya kuoshea magari, akayaosha mabati yote, na kelele zikaanza kusikika vizuri zaidi. Wakaacha. Siku za mechi refa anaendelea tu na kazi yake. Mama wa duka la dawa anazitumia kukumbuka vidonge vyake vya presha.

Kinyozi yumo mle. Sauti yake inakuja mapema, karibu na mwanzo: "Anatembea kama kadondosha sindano!"

"Hapo koo lilikuwa koo," anawaambia wateja. "Siku hizi nikipaza sauti nakohoa. Ila kule juu bado mimi kijana."

"Na Treni hukuja kumwonea huruma?" mteja mmoja alimuuliza.

"Huruma ya nini? Alitula yule. Hela zile tungenunua mbuzi kumi na mmoja, tukawapanga, wangefunga hata moja."

Binti wa fundi viatu alikuwa anayasikia haya kila siku kupitia ukuta wa mbao. Alikuwa na miaka kumi na tano, na darasani alikuwa yule anayejibu swali huku anaangalia dawati, mpaka mwalimu anasema, "Sema na sisi, mama, dawati limeshasikia." Akitoka shule anakaa dukani kumsaidia mama yake kushona soli. Ikifika saa kumi na nusu anafuta mikono, anapita kwenye uwazi wa ukuta wa uwanja na kukaa chini ya nguzo ya tatu ya jukwaa.

Baba yake naye yumo mle. Baada ya dakika moja na nusu hivi miluzi inapungua kidogo, na fundi viatu anapata nafasi yake. "Vua viatu!" anasema. "Viatu havina kosa!" Halafu kinakuja kicheko cha watu kama sitini. Halafu, kwa aliyekaa chini ya nguzo ya tatu, kinasikika kikohozi kidogo, mara mbili.

Fundi alikufa kwa kifua miezi minane baada ya mechi ile. Nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Ziko picha zake nne, lakini hakuna mahali pengine popote ilipobaki sauti yake. Binti alikuwa anakwenda kwa ajili ya yote, ila alikipenda zaidi kikohozi, kwa sababu hakikuwa kinamwambia mtu kitu.

Mwaka huu klabu ikapata watu wa televisheni, nao wakasema kelele zile zitaharibu matangazo. Kamati ikakaa. Ikaamua mabati yatolewe yote, yawekwe mapya. Mjumbe mmoja akauliza kama kelele ni mali ya klabu. Wakabishana mpaka chai ikapoa, wakakubaliana kuwa kelele ni mali ya aliyezomewa, na kwamba lazima asaini. Katibu akatumwa kumtafuta Treni.

Treni alikuja Jumatano na lori la kreti za soda, ndiyo kazi yake sasa. Hakwenda kwanza ofisini. Aliegesha nyuma ya maduka, akaja akichechemea hadi mlango wa nyuma wa fundi viatu na kugonga. Mama alikuwa ametoka kutafuta gundi.

"Shikamoo," binti alisema.

"Marahaba. Hapa si kwa fundi?"

"Ndipo."

"Mwenyewe nimemkuta?"

"Alifariki. Mwaka wa sita huu."

Treni alivua kofia. "Pole sana, binti. Sikupata habari." Macho yake yalikuwa yameshapanda kwenye rafu, yakasimama kwenye kalibu, ule mguu wa mbao ambao mafundi wanavutia ngozi juu yake. Ulikuwa wa kushoto, na ubavuni ulikuwa na donge la ngozi lililopigiliwa misumari midogo. Binti alikuwa ameliona tangu utoto. Mama yake alikuwa anasema tu lisiguswe, ni la baba.

"Huo ni mguu wangu," Treni alisema.

Binti akaushusha, akampa. Treni akaugeuza mkononi kama mtu aliyerudishiwa simu iliyopotea.

"Ulikuwa umepasuka mfupa kabla sijasaini," alisema. "Daktari wao alipiga picha, akaona. Mwenyekiti akasema mabango yameshachapishwa. Kwa hiyo nachomwa sindano asubuhi, jioni siusikii. Sasa kiatu hakichomwi sindano. Kikawa hakiingii. Ndipo nikaja hapa, mlango huu huu."

"Baba aliuona mguu?"

"Aliushika. Akauliza nani kakuruhusu kucheza na kitu hiki. Nikamwambia mzee, panua tu, na usimwambie mtu. Akapanua. Hela hakuchukua." Akarudisha kalibu rafuni. "Ndiyo maana nimeanzia hapa. Mji mzima huu, nilikuja kumsalimia yeye tu."

Binti aliangalia sakafu. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tisa.

"Nimeambiwa nisikilize kwanza, ndipo nisaini," Treni alisema. "Unapajua pa kupitia?"

Akampitisha kwenye ule uwazi. Katibu alishafika, na faili na kalamu, amekaa juu ya leso ili suruali isichafuke. Walisalimiana. Treni hakutaka kukaa. Alisimama kwenye mstari wa uwanja, mikono nyuma, na ilipofika saa kumi na thelathini na nane mabati yakaanza.

Miluzi ilipita. Kinyozi na sindano yake akapita. Mtu akaita "Treni ya mizigo!" na wengine wakaitikia kwa honi za midomo. Treni alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama anasomewa orodha ya vitu alivyoagiza. Binti alikuwa anahesabu. Alijua kinachokuja, na mwili mzima ulikuwa unataka kusimama na kusema kitu, lakini mdomo wake ulikuwa kama wa siku zote.

"Vua viatu! Viatu havina kosa!"

Watu sitini wakacheka, na Treni naye akatabasamu. "Huyo," alisema. "Huyo alinichekesha kweli. Nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka. Miaka yote najiuliza ni nani."

Kikaja kikohozi, mara mbili.

Tabasamu lilikaa usoni kidogo, kama taa ya gari ambalo limeshazimwa. Fundi alikuwa anakohoa hivyo hivyo juu ya gundi, akiwa ameushika ule mguu.

"Ni baba," binti alisema.

Treni alisikiliza mpaka kelele zikaisha kwa kishindo cha mwisho, cha chupa ya maji iliyopigwa teke.

"Alikuwa anajua," alisema.

"Ndiyo. Alikuwa anajua."

Katibu alisogea na kalamu. "Basi, kaka, saini hapa chini. Jumatatu mabati yanashuka."

"Yakishuka, kelele zinakwenda wapi?"

"Fundi wa mabati anasema zitatawanyika zenyewe."

"Na zile picha za mguu wangu zilikwenda wapi?"

"Hilo mimi silijui. Nimeajiriwa juzijuzi."

Treni alimrudishia kalamu. "Ziacheni hapo. Zikiondoka na hizi, nitabaki mimi peke yangu wa kusema ilitokea."

Katibu hakubisha. Akaandika kwenye faili kwamba mwenye kelele hajaridhia, akakunja leso yake akaenda. Treni akamgeukia binti.

"Unakuja kila siku?"

"Kila siku. Sauti nyingine hana."

"Sijamsamehe. Usije ukadhani."

"Sijadhani," binti alisema.

Akachechemea mpaka kwenye lori. Alikuwa anaikanyaga klachi kwa mguu ule ule, na lori liliondoka kwa kurukaruka.

Tangu siku hiyo binti aliendelea kwenda, lakini alikuwa anaondoka kabla ya kikohozi, maana sasa kilikuwa kinamwambia kitu.

Mwezi wa pili tangu hapo klabu ikamleta Umeme, winga wa miaka ishirini na moja, ghali kuliko Treni mara mbili. Watu wakachanga tena. Kinyozi akabandika picha yake juu ya kioo, akitoa ya mke wake. "Huyu sasa ndiye," alisema. "Yule mwingine tulikosea, tulinunua kwa macho. Huyu tumenunua kwa akili."

Alhamisi, Umeme akagonga mlango wa nyuma wa duka la viatu. Alikuwa amevaa kofia imefunika nyusi, na kiatu kimoja kiko kwenye mfuko wa plastiki.

"Dada, samahani. Naweza kupanuliwa hiki kidogo? Upande huu."

Kilikuwa cha kushoto. Binti akamwambia avue soksi, maana ndivyo kazi inavyofanywa. Mguu ulikuwa umevimba ubavuni na rangi yake si yake.

"Kocha anajua?"

"Wote wanajua. Mashabiki tu ndio hawajui. Tafadhali usimwambie mtu, dada. Wakisikia nimekwisha."

Binti alishusha kalibu kutoka rafuni, alilainisha ngozi kwa maji ya moto na kukivuta kiatu juu yake. Alikuwa amejiandaa kukata donge jipya. Lile lile la zamani likatosha.

Jioni hiyo akaenda kwenye kibanda cha kinyozi na kusimama mlangoni mpaka akaulizwa anataka nini.

"Mjomba, Umeme anaumwa mguu."

"Nani kakwambia?"

Akaangalia sakafu.

"Mwanangu," kinyozi alisema kwa upole, akipuliza nywele kwenye mashine, "mchezaji wa bei ile haumwi."

Jumamosi uwanja ulijaa, na mechi ikaanza saa kumi kamili. Binti alikaa chini ya nguzo ya tatu, amebanwa na watu wasiomjua. Umeme alipokea mpira mara sita, akaupoteza mara sita. Kwenye dakika ya thelathini na saba kocha akaagiza kibao cha kubadilisha wachezaji, na kikainuliwa wakati saa ya uwanjani inahama kwenda thelathini na nane. Kelele za mabati zikashuka kama kawaida, na watu wakasimama wakajiunga nazo, kwa kuwa wengi walikuwa wanayajua maneno.

"Umeme umekatika!" kinyozi alipiga kelele. Kule mabatini, yeye yule wa zamani alikuwa bado anasema habari za sindano. Akajisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakohoa.

Umeme alitembea. Miluzi ilipungua kidogo, pale pale inapopungua.

"Vua viatu! Viatu havina kosa!" alisema fundi viatu, na uwanja mzima, sitini wa zamani na maelfu wa leo, ukacheka. Umeme akaviangalia viatu vyake.

Binti alisimama. "Ameumia," alisema. Ilikuwa ile sauti yake ya kuomba ruhusa darasani. Mwanamume wa mbele yake hakugeuka. Akavuta pumzi, akasema tena: "Ameumia huyo. Mguu wa kushoto." Mtu wa nyuma akamwomba akae, haoni. Akakaa.

Jumatatu klabu ikatangaza kwamba Umeme yuko fiti asilimia mia, ataanza Jumamosi. Watu wakasema basi kama yuko fiti ni uvivu.

Siku hiyo hiyo, saa kumi na thelathini na saba, kinyozi alizima mashine. Siku hizi anaizima kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu Umeme alitumia dakika tatu kufika benchi. Mama wa binti naye, kwenye duka la viatu, aliacha kushona. Kila mmoja upande wake wa ukuta wa mbao, walisikia miluzi, sindano, umeme uliokatika. Walimsikia fundi na viatu vyake, na kicheko ambacho sasa kilikuwa kikubwa kama mvua ya mawe. Kikafuata kikohozi, ambacho siku nyingine hakikuwa kinafika hadi madukani. Na baada ya kikohozi, karibu kabisa nacho, kama mtu aliyekaa naye benchi moja, kasauti kadogo kakasema: "Ameumia. Ameumia huyo. Mguu wa kushoto."

Mama aliweka sindano chini.

"Nani huyo?" mteja aliuliza, kichwa kikiwa kimetulia kama alivyoambiwa.

"Mtoto wa fundi," kinyozi alisema. "Wa hapo jirani."

"Anasema nani kaumia?"

Kinyozi alisikiliza mpaka chupa ya mwisho ilipopigwa teke.

"Sikumsikia vizuri," alisema, akawasha mashine.