Balbu ya Noah ya Baba Clavery

Mama Celestina anasema aliniona kwa macho yake mawili. Anasema Ijumaa nilipanda kwenye Noah ya Baba Clavery, nikanyanyua kiti cha mbele, nikazamisha mkono mpaka kwapani na kukata waya kwa koleo. Ndiyo maana, anasema, gari lilizimika Jumamosi kwenye mlima wa Nyabiyonza, wazee wa posa wakiwa ndani na kanzu zao. Clavery mwenyewe, anayeposa, akafika ukweni Kibingo kwa bodaboda, jua limeshazama, hana mshenga wala rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakwe wakamwambia mtu haposi kwa mdomo mkavu, arudi kwao. Mama Celestina anayasimulia haya huku akigeuza ndizi za kuchoma, na kila anayenunua anaongezewa hadithi kama nyongeza.

Mkono niliuingiza kweli. Koleo sikushika.

Gereji yetu hapa Kanoni inatazamana na jiko lake, ng'ambo ya barabara. Msichana ni mimi peke yangu. Wavulana wakilala chini ya gari hakuna anayeuliza. Nikiinama mimi, barabara nzima inageuza shingo. Nimeishia darasa la saba, na Fundi Lameck ndiye aliyenipokea nijifunze umeme wa magari wakati mafundi wengine walinicheka. Kwa hilo namheshimu. Au nilikuwa namheshimu, sijui niseme vipi sasa.

Ijumaa ile Baba Clavery alikuja analalamika taa zinafifia na honi inakoroma. Dashibodi ilikuwa imewaka alama ya betri, ya breki na ya injini, zote kwa pamoja. Fundi akaniambia, "Kokuberwa, chomeka mashine." Nikachomeka. Mashine ikaleta kodi, zile namba za hitilafu, za umeme mdogo.

Kodi haikutajii kifaa kilichokufa. Ni kama mtoto anayelia ameshika tumbo. Kilichomo tumboni utakitafuta mwenyewe. Nikapima betri huku injini inaunguruma. Haikufika hata volti kumi na mbili, wakati ilitakiwa icheze kwenye kumi na nne. Basi altaneta, inayozalisha umeme wa gari, ilikuwa haichaji betri, na gari linakula akiba tu. Noah zile za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nikanyanyua kiti. Kabla sijaona kitu, harufu ilinipiga. Rubisi!

Kwetu dumu la ukweni haliwekwi nyuma kwenye miguu ya watu. Linakaa mbele, karibu na mshenga, kwa heshima. Wala halikazwi kifuniko, maana pombe ya ndizi bado inachemka na dumu litapasuka. Linazibwa kwa jani la mgomba. Baba Clavery ana watoto wengi wa kiume na posa amezipeleka nyingi. Kila mlima povu linapanda, linapenya kwenye jani na kutiririka chini ya kiti mpaka kwenye soketi ya altaneta. Shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, imeliwa, ukiigusa inamomonyoka.

"Shikamoo, Baba," nikasema. "Soketi imeliwa na rubisi. Tubadilishe, halafu dumu likae nyuma."

"Marahaba. Dumu la wakwe likae nyuma kama viazi?" Aliwageukia wenzake aliokuja nao. "Huyu kaolewa wapi akajua mambo ya posa?"

Wakacheka.

Fundi alichungulia mwenyewe. Alishika soketi, vidole vikatoka kijani. "Mzee, anachosema ni kweli. Ila soketi hiyo mpaka niifuate Kayanga. Kesho mchana."

"Kesho asubuhi naondoka. Nizimie hizo taa za dashibodi tu. Wakwe wasiseme nimewaletea gari mgonjwa."

Fundi akachukua mashine, akafuta kodi. Alama mbili zikazimika. Ile ya betri ikagoma, maana yenyewe haifutwi kwa mashine. Inazimika altaneta ikichaji. Basi akafungua dashibodi kwa bisibisi, akang'oa balbu yake, akaitia mfuko wa shati.

"Fundi, gari halijapona," nikamwambia.

"Kwani nimesema limepona? Kafagie kule."

Jumatatu Noah ikaja inavutwa kwa kamba. Baba Clavery alishuka uso umevimba kwa hasira, na Mama Celestina akavuka barabara na kibanio chake cha ndizi mkononi, asije akapitwa.

"Lameck," akasema mzee, "mwanangu kaaibishwa. Huyu binti akiendelea kushika magari hapa, mimi na ndugu zangu tutapeleka yetu kwingine. Na popote atakapokwenda nitawaambia mafundi alichofanya."

"Huyu binti Kashaija aliingia mpaka kiunoni!" Mama Celestina akadakia. "Mawe, mama yangu! Na koleo!"

"Mama, koleo la rangi gani?"

"Rangi! Mtoto ananiuliza rangi! Mnaona alivyo na mdomo?"

Wao wangekaa, wangeondoka, wangekula ndizi zao, na mimi ningebaki yule msichana anayekata waya za watu. Nani angeniachia gari lake tena, kutoka hapa mpaka Kyerwa nzima? Na mtu aliyejua ukweli alikuwa amesimama kati yetu.

"Fundi," nikasema, "waambie tulichokiona chini ya kiti. Halafu waambie balbu ilitolewa na nani."

Lameck alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaendelea kufuta, kidole kimoja kimoja, na mikono ilikuwa imeshatakata.

"Nimekuomba, Fundi. Waambie wakusikie."