Warsaw ya Chumba cha Barafu

Werema alikuwa amevaa jaketi mbili na kofia ya sufi, amesimama katikati ya makreti ya samaki, akimwambia mama yake kwa simu kwamba baridi ya Polandi imezidi. Baridi ilikuwepo kweli, hapo hakudanganya. Mvuke ulimtoka mdomoni na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ila Polandi yenyewe ilikuwa chumba cha barafu cha tajiri mmoja wa samaki mjini Homa Bay, na nje ya mlango wake mnene jua lilikuwa likiwachoma watu utosi.

"Vaa vizuri, mwanangu," Mama Marcella alisema kutoka Kehancha, uso wake umejaa kwenye skrini. "Kanisa lote tunakuombea hiyo baridi."

"Asante, Mama."

"Mdogo wako Joash anasema hata leo simu imeandika uko Warsaw."

"Si ndiko niliko, Mama."

Mtu akikwambia kudanganya ni rahisi, mwulize kama amewahi kudanganya kwa simu ya bei ya chini. Werema angekujibu, tena kwa matusi.

Hakuanza kwa nia mbaya. Ukoo ulichanga, ng'ombe wakauzwa, ajenti wa Nairobi akapokea kila kitu na kumpa tiketi ambayo pale uwanja wa ndege walimrudishia wakimcheka. Ajenti akaacha kupokea simu zake. Werema angerudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini arudi vipi kwa watu waliomfanyia ibada ya kumuaga? Akakumbuka Obare, waliyesoma naye sekondari, akaenda kwake Homa Bay, na Obare akamtafutia kazi ya kupakia barafu. Akajiambia atakaa kidogo tu, apate pa kuanzia, kisha aseme ukweli. Kidogo hicho kikawa zaidi ya mwaka.

Kilichomtesa ni barua pepe. Wakati wa kutafuta pasipoti, mdogo wake Joash ndiye aliyemfungulia akaunti kwenye saiba moja ya Migori, yale maduka ya intaneti, na Joash bado alikuwa nayo kwenye simu yake. Humo ndani kuna ukurasa unaoonyesha akaunti imetumika wapi. Kila jioni Joash anaufungua, anamwonyesha Mama neno Warsaw, na Mama analala vizuri. Kubadilisha nenosiri kungekuwa kujishtaki. Kwa hiyo Werema akaweka VPN.

VPN ni programu ya kuficha ulipo. Kila simu ikiingia mtandaoni inatoa namba yake, anwani ya IP, na kwa namba hiyo mtu anajua uko nchi gani. VPN inaifunika namba yako na kutoa ya kwingine. Werema alichagua Warsaw, akaona amemaliza kazi. Wapi!

Waifai ya ofisini ilifika chumba cha barafu kwa shida, na tena mlango ukiachwa wazi kidogo. Akimaliza kuongea na kutoka nje na kreti begani, simu inaiacha waifai na kurukia bando. Hapo katikati VPN inaanguka, halafu inahangaika kuinuka. Ni sekunde chache tu. Lakini barua pepe haina subira hiyo. Ikiona mtandao umerudi inakimbilia ujumbe wake papo hapo, anwani halisi nje nje, Mkenya mchana kweupe. Siku nyingine chaji ikipungua simu inaizima VPN kimyakimya ili kubana betri, na ile alama ya ufunguo juu ya skrini inaondoka bila kuaga. Alitafuta kwenye mipangilio mahali pa kuiamuru simu ikate mtandao wote VPN ikianguka. Akapabonyeza. Simu ikakubali vizuri kabisa, na kesho yake ikavujisha vilevile. Nusura aitupe ziwani.

"Bro," Joash alimpigia siku moja, "mbona katikati ya Warsaw na Warsaw kumeandikwa Nairobi, Kenya?"

Nairobi! Hata kuvuja kwenyewe simu haikujua kuvuja sawasawa. Bando la simu hapa nchini mara nyingi linahesabiwa la Nairobi, hata ukiwa umesimama kando ya ziwa. Werema akasema kilichomjia.

"Hiyo ni VPN. Naiweka ya Kenya nikitaka kutazama taarifa za nyumbani."

"Kumbe inafanya hivyo? Bro wewe ni mnoma!"

Joash aliridhika. Werema naye aliridhika, na hilo ndilo kosa lililokuja kumchoma zaidi ya yote.

Baba yao alipofariki, Werema alitazama mazishi kwa simu, humo humo kwenye barafu. Obare alimjia na kumwambia, "Omera, ndugu yangu, achana na hayo, nenda uzike baba yako." Hakwenda. Aliogopa. Tangu siku hiyo ukweli ulizidi kuwa mgumu kusema, maana sasa haungekuwa tu kwamba hakufika Polandi.

Kisha Joash akatuma picha.

Alikuwa amesimama kwenye ofisi ndogo mtaa wa Suna, mjini Migori, shati limepigwa pasi, anacheka meno yote. Kando yake alisimama mtu ambaye Werema angemtambua hata gizani. Ni yule yule ajenti! Na ukutani nyuma yao ilibandikwa picha kubwa ya Werema mwenyewe, jaketi mbili, mvuke mdomoni, na chini yake maneno: MTEJA WETU, WARSAW.

Werema alikaa juu ya kreti bila kujua amekaa. Akampigia Joash.

"Huyo mtu umempata wapi?"

"Namba yake ilikuwa kwenye karatasi zako," Joash alisema kwa furaha. "Nilimpigia kumshukuru kwa kukufikisha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema wewe ndiye mteja wake bora. Nikampa picha zako. Kesho Mama anakuja na pesa za ng'ombe waliobaki. Bro, nakuja! Tutaishi pamoja."

Fikiria mwizi anayepigiwa simu akitarajia kutukanwa, kumbe anashukuriwa. Lazima aliziba mdomo asicheke.

"Joash, nisikilize. Huyo ni tapeli. Sijafika Polandi. Niko Homa Bay."

Joash akacheka, lakini si kicheko cha kawaida.

"Alituambia utasema hivyo."

"Nani?"

"Ajenti. Alisema watu wakishafika huko wanabadilika, hawataki wengine waje. Wanaanza kusema maisha ni magumu, sijui ni utapeli. Sikuamini kwamba na wewe ungekuwa hivyo."

"Niko Homa Bay, Joash! Nabeba barafu!"

"Ngoja niangalie." Akaangalia. "Warsaw."

"Hiyo ni VPN! Ngoja naizima." Werema akaizima kwa kidole kilichokufa ganzi, akafungua barua pepe, akafunga, akafungua tena. "Haya, angalia sasa."

"Nairobi, Kenya."

"Umeona?"

"Nimeona umeweka ile VPN yako ya taarifa za nyumbani. Si wewe ndiye ulinifundisha? Halafu umesema Homa Bay, mbona inaandika Nairobi? Hata uongo hujapanga vizuri."

Werema alipiga ngumi kreti. Miezi yote hiyo alikuwa akihangaika kuziba ukweli usivuje hata sekunde moja. Leo anaumwaga wote, na hakuna wa kuukinga!

"Nikutumie video, nikuonyeshe ziwa..."

"Video yoyote siku hizi inatengenezwa. Bro, ulikula wewe, sasa unataka kufunga mlango. Sawa tu." Akakata. Werema alipopiga tena, alikuwa amezuiwa. Usiku akampigia Mama, lakini Joash, aliyekuwa ameshafika nyumbani, ndiye aliyepokea simu na kuizima.

Alfajiri aliondoka bila hata kumuaga tajiri, akiwa bado ananuka samaki. Ndani ya matatu, kupitia Rongo hadi Migori, aliangalia simu ile mara moja tu, akakuta VPN imejiwasha yenyewe na ufunguo unang'aa juu ya skrini. "Shenzi wewe," akaiambia, na mtu aliyekaa kando yake akasogea.

Ofisi ya Suna ilikuwa juu ya duka la mbegu. Alipanda ngazi mbili mbili. Mlango ulikuwa wazi. Mama Marcella alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amejifunga kichwani kitambaa chake cha Sabato, mkoba mapajani, mkono ndani ya mkoba. Joash alikuwa anajaza jina lake kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Ajenti alikuwa wa kwanza kumwona, na lazima tukubali, yule mtu alikuwa fundi wa kazi yake. Alishtuka kidogo tu, kisha akafungua mikono.

"Ah! Mteja wangu! Karibu nyumbani! Umekuja likizo? Mama, ona, wamempa likizo!"

Mama alisimama. "Werema?" Uso wake ulichanua kiasi kwamba Werema alitamani kugeuka na kushuka zile ngazi. "Mwanangu, umekuja bila kutuambia?"

Ajenti alimtazama Werema na kuinua nyusi. Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Likizo. Neno moja tu, na angekumbatiwa, angechinjiwa, angelia kaburini kama mtu aliyetoka mbali. Angeweza hata kumvuta Joash pembeni baadaye na kumzuia kwa njia nyingine. Lakini mkono wa Mama ulikuwa bado ndani ya mkoba, na kalamu ya Joash haikuwa imesimama.

"Sijapanda ndege, Mama," alisema. "Sijawahi. Huyu alinipa tiketi ya uongo. Nimekuwa Homa Bay siku hizi zote, nabeba barafu ya samaki. Pale mlipokuwa mnaona baridi, ni hapo."

"Anatania," ajenti alisema.

Joash alikuja karibu, akamnusa kaka yake, akashika mkono wa jaketi. Magamba ya samaki yalimbaki kwenye vidole. Aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akachana ile karatasi, na macho yake yalimwakia Werema, si ajenti. "Ningekuwa nimekuamini jana kama ungekuwa mtu wa kuaminika," alisema.

Ajenti alikwisha chukua koti lake. Alipita katikati yao kama mtu anayewahi mkutano, na viatu vyake vikasikika ngazini. Hakuna aliyemfuata.

Mama alitoa mkono mkobani, mtupu. Akafunga zipu polepole.

"Homa Bay na nyumbani ni mbali?" aliuliza.

"Si mbali, Mama."

"Mtu akiondoka asubuhi?"

Werema alitaka kusema kitu kingine, chochote. "Anafika kabla ya saa sita."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu ambaye hataki kukosea. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Tulichelewesha kumzika baba yako mpaka jua likazama," alisema. "Wazee walinikasirikia. Niliwaambia huenda ukapata ndege."

Akamshika Joash mkono, na wakashuka ngazi pamoja.